Mliniambia nikiacha sigara nitalala: uhakiki wa tunayoandika kuhusu nikotini na usingizi

Kuna sentensi mbili ambazo bila shaka umeshazisikia. Ya kwanza wanaisema wavutaji wenyewe: "Nisipovuta moja kabla ya kulala, usingizi hauji." Ya pili tunaisema sisi tunaoandika mambo ya sayansi: "Utafiti umethibitisha, sigara na vepu zinaharibu usingizi. Acha leo, ulale vizuri." Ukizisoma haraka unaona moja ni ya mtu asiyejua na nyingine ni ya mtu anayejua. Na mimi nilikuwa naona hivyohivyo, mpaka kaka yangu alipoacha sigara.

Huyu ni mtoto wa mama mkubwa, dereva wa daladala. Anaamka saa kumi alfajiri, na sigara ameanza kuvuta tangu kijana. Mwaka jana aliamua kuacha. Sehemu ya kilichomsukuma ni bango dogo nililomtumia kwenye simu, ambalo tulilitengeneza sisi wenyewe, lenye ile sentensi ya pili kwa herufi kubwa. Usiku wa tisa alinipigia, saa nane usiku. "Mdogo wangu, wewe si ndiye unayesoma haya mambo? Mbona mliniambia nikiacha nitalala? Toka Jumapili sijafumba jicho, na asubuhi nina abiria."

Siku ya kumi alirudia sigara. Usiku huo akalala.

Sasa ukimuuliza yeye, jaribio limeshafanyika na jibu limepatikana: sigara ni dawa ya usingizi, na mdogo wake ni mwongo. Hilo la pili ndilo lililoniuma. Nikarudi kwenye tafiti ambazo sote tunazinukuu, nikazisoma upya kama mtu anayedaiwa maelezo. Ninachohakiki hapa sio wavutaji. Nahakiki ushahidi wenyewe, na namna sisi tunavyoubeba kutoka kwenye jarida hadi kwenye simu yako.

Kwanza, kwa nini anahisi inamtuliza

Nikotini ni kichangamshi. Ukivuta, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi, inakaa kwenye vipokezi vya asetilikolini, kemikali ambayo ubongo wenyewe huitumia kukuweka macho na makini. Mapigo ya moyo yanapanda kidogo, na shinikizo la damu pia. Hapo hakuna kitu kinacholeta usingizi.

Basi utulivu unatoka wapi? Unatoka kwenye deni. Kila baada ya saa mbili hivi, nikotini iliyoko kwenye damu hupungua kwa nusu. Ubongo uliozoea unaanza kudai: kero ndogondogo, wasiwasi, mwili hautulii kitandani. Sigara ya saa nne usiku inalipa deni lililoachwa na sigara ya saa mbili. Nafuu anayoihisi mvutaji ni ya kweli kabisa, hatanii. Ila ni nafuu ya mtu aliyelipa deni dukani kwa mangi, jina likakatwa kwenye daftari, halafu palepale akakopa tena.

Na usiku ni mrefu. Mtu akilala saa tano na kuamka saa kumi na moja, ile nikotini imepungua kwa nusu mara tatu, imebaki kama sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mwanzo wa usiku mwili unapambana na kichangamshi, na mwisho wa usiku unapambana na kukikosa. Shika hilo, maana litatusaidia huko mbele.

Utafiti wa watu 6,400: dakika 14 tu?

Ushahidi mzuri zaidi tulionao kuhusu sigara ulichapishwa mwaka 2006, kutoka kwenye mradi mkubwa wa Marekani uliochunguza uhusiano wa usingizi na moyo. Watu 6,400 walipimwa wakiwa wamelala nyumbani kwao, wamefungwa vifaa vya kusoma umeme wa ubongo, pumzi na mapigo ya moyo. Kati yao 2,916 hawakuwahi kuvuta, 2,705 waliwahi kuvuta wakaacha, na 779 walikuwa bado wanavuta.

Ukilinganisha wanaovuta na wasiowahi kuvuta, wavutaji walichelewa kupata usingizi kwa dakika 5.4 na walilala pungufu ya wenzao kwa dakika 14.

Najua unachofikiria. Dakika 14! Hiyo si ni foleni ya taa moja tu? Ndiyo maana mabango mengi huwa hayaitaji namba hii, yanasema tu "wanalala kidogo". Lakini kichwa cha habari kilitakiwa kiwe mahali pengine. Usingizi una ngazi. Ile ngazi ya juu kabisa, ambayo mtu ukimgusa anakwambia "sijalala mimi, nilikuwa nakusikiliza," ilikuwa kubwa zaidi kwa wavutaji kwa asilimia 24. Ule usingizi mzito, ambao ndio unaomfanya mtu aamke amepumzika, ulikuwa pungufu kwa asilimia 14. Kwa maneno mengine, saa kitandani ni karibu zilezile, ila kilichomo ndani ya saa hizo ni chepesi. Mvutaji anayesema "mimi nalala vizuri tu, saa saba kamili" anaweza kuwa anasema kweli kuhusu saa na bado akawa amekosea kuhusu usingizi.

Sasa udhaifu wake. Washiriki walikuwa watu wa miaka 40 na kuendelea, kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 21 asijione moja kwa moja kwenye namba hizi. Walipimwa usiku mmoja. Na ni ulinganisho wa makundi: hakuna aliyefuatwa tangu anavuta mpaka anaacha.

Hilo la mwisho ndilo lililonigusa, kwa sababu ya matokeo moja muhimu: wale walioacha hawakuwa na tofauti na wasiowahi kuvuta. Hii ni habari njema kweli, na ndipo bango letu lilipochota. Lakini tulichota nusu. Utafiti ulituonyesha watu waliokwishafika ng'ambo, haukutuonyesha mto. Sisi tukaandika kana kwamba mto haupo.

"Mara nne zaidi": watu tisa na watu wawili

Utafiti wa pili unaonukuliwa sana ni wa mwaka 2008, na baadhi ya watafiti ni walewale. Walichukua wavutaji 40 na wasiovuta 40 wanaofanana nao kwa mambo mengine, watu wasio na magonjwa mengine ya kuwavuruga. Walipoulizwa, asilimia 22.5 ya wavutaji walisema hawaamki wamepumzika, dhidi ya asilimia 5 ya wasiovuta. Hapo ndipo inapozaliwa ile sentensi unayoikuta kila mahali: wavutaji wana uwezekano mara nne zaidi wa kuamka wamechoka.

Hebu chukua kalamu. Asilimia 22.5 ya watu 40 ni watu 9. Asilimia 5 ya watu 40 ni watu 2. "Mara nne" yote hiyo imesimama juu ya tofauti ya watu saba. Kama wawili tu wangejibu tofauti siku ile, sentensi ingebadilika. Sisemi ni uongo. Nasema namba yenye sauti kubwa inabebwa na miguu miembamba, na sisi waandishi tunapenda sauti.

Kinachosikitisha ni kwamba utafiti huo una kitu kigumu zaidi ambacho karibu hakuna anayekinukuu. Walisoma mawimbi ya umeme wa ubongo usiku kucha, wakaona wavutaji wana sehemu ndogo ya mawimbi ya polepole ya usingizi mzito, na sehemu kubwa ya mawimbi ya haraka yanayofanana na ya mtu aliye macho. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi mwanzoni mwa usiku, kisha ikapungua kadiri usiku unavyokwenda. Unakumbuka ile hesabu ya nusu kila saa mbili? Hivyo ndivyo ungetegemea kama mhusika ni nikotini inayoisha polepole kwenye damu. Huo ndio ushahidi wa kubeba. Mara nne iache ipumzike.

Dakika 42, lakini za nani?

Wa tatu ni wa mwaka 2019, kwa Wamarekani Weusi wa Jackson, Mississippi. Watu 785 walivaa mkononi kifaa kinachofanana na saa ambacho hupima usingizi kwa kufuata mijongeo, na kila siku wakaandika kwenye shajara kama walitumia pombe, kafeini au nikotini ndani ya saa nne kabla ya kulala. Jumla ilipatikana siku 5,164. Napenda muundo huu: hauulizi tu "wewe ni mvutaji?", unauliza "jana jioni ulivuta?"

Nikotini na pombe za jioni zilienda pamoja na usingizi wa kukatikakatika. Na hapa ndipo inapotoka ile namba ya dakika 42 ambazo eti sigara ya jioni inakupunguzia. Msomaji, dakika 42 hizo zilikuwa za watu ambao tayari wana tatizo la kukosa usingizi. Ukimwambia kila mtu kwamba atapoteza dakika 42, umemtisha asiyehusika. Na ukiwa wewe ndiye mwenye tatizo hilo, basi wewe ndiye uliyetakiwa kuambiwa kwa jina, maana wewe ndiye unayeelekea zaidi kuikimbilia sigara saa sita usiku.

Kafeini kwenye utafiti huo haikuonekana kuwa na kosa. Kabla hujaenda kijiweni kushangilia: hawakuweza kupima mtu alikunywa kiasi gani, wala mwili wa kila mmoja unaivumilia vipi. Tutarudi kwenye kahawa, maana ina jambo lake.

Na vepu je?

Hapa ndipo tunapotakiwa kuona haya. Sigara ya kielektroniki kama tunavyoijua ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Ni kifaa kichanga. Sehemu kubwa ya tafiti zinazosema "vepu inaharibu usingizi" ni za madodoso: kijana anaulizwa kama anavuta vepu, kisha anaulizwa kama analala vizuri, na majibu yanalinganishwa. Mmojawapo unaotajwa sana, wa mwaka 2019, ulitumia takwimu za vijana wa Marekani wa miaka 12 hadi 17, na ulikuta watumiaji wanalalamika zaidi kuhusu usingizi.

Lakini nani alitangulia? Mwanafunzi mwenye mawazo ya ada na mitihani halali vizuri, anaamka mchovu, anatafuta kitu cha kumchangamsha. Mwingine anavuta vepu mchana na sigara usiku, yaani dodoso linampa vepu lawama za sigara. Mwingine yuko kwenye simu mpaka saa nane, na vepu iko mkononi tu kama mwenzake wa mkesha. Dodoso la siku moja haliwezi kuwatenganisha hawa. Kwa hiyo neno "umethibitisha", tulilolitumia na sisi, halikuwa na haki ya kuwepo pale.

Je, basi muuzaji anayesema "hii haina moshi, haina shida" ameshinda? Hapana, na sababu hatuitoi kwenye madodoso. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwabandika plasta za nikotini watu wasiovuta kabisa, kisha wakawapima usiku. Hakuna moshi, hakuna lami, hakuna uraibu wa awali wala deni la kulipa. Ni nikotini tupu. Usingizi wa ndoto ulipungua, na wengine wakaamka alfajiri mapema kuliko kawaida yao. Jaribio la namna hii ni dogo, lakini linajibu swali ambalo dodoso la vijana elfu kumi haliwezi kulijibu. Vepu yenye nikotini inaweza kuwa imepunguza sumu nyingi za kuchoma tumbaku, na hilo tuliseme kwa haki. Ila kitu kinachogusa usingizi hakikuwa moshi peke yake. Kimebaki ndani ya kifaa.

Tena kimebaki kwa wingi. Nikotini ya aina ya chumvi, inayotumika kwenye vepu nyingi za kisasa, haikwaruzi koo hata ikiwa kali. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita, wakati Marekani ziliuzwa zenye miligramu zaidi ya 50. Ukinunua ya bei rahisi mtaani, hebu geuza kopo uone kama imeandikwa chochote unachoweza kukiamini.

Halafu fikiria chandarua. Sigara ina breki zake za asili: inaisha, ina harufu, ina moto. Hakuna mwenye akili zake anayewasha sigara ndani ya neti. Lazima atoke, afungue mlango, asimame nje na mbu. Vepu haina breki hizo. Iko chini ya mto. Ukishtuka saa tisa usiku, kwa sababu nikotini imeshuka, unavuta mara mbili bila hata kufumbua macho vizuri, na kichangamshi kinaanza mzunguko upya. Hili la chandarua ni hoja yangu, sio matokeo ya utafiti, na nakuomba ulichukue hivyo.

Kilichokosekana kwenye bango

Turudi kwa kaka. Mambo mawili tulimficha bila kujua.

La kwanza ni ule mto. Mtu akiacha nikotini, kukosa usingizi ni moja ya dalili zinazojulikana vizuri kabisa za kuacha. Dalili hizi kwa kawaida hupanda ndani ya wiki ya kwanza, kisha hushuka ndani ya wiki tatu hadi nne. Kaka alinipigia usiku wa tisa. Alikuwa katikati ya maji, na sisi tulimwambia atatembea kwenye nchi kavu. Kwa hiyo alipozama kidogo hakusema "hii ni hatua". Alisema "nimedanganywa".

La pili ni kahawa. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya kimoja kwenye ini kinachovunja kafeini. Ni moshi unaofanya hivyo, sio nikotini. Ndiyo maana mvutaji anaweza kunywa vikombe vingi akalala. Akiacha sigara, kimeng'enya kinarudi chini ndani ya siku chache, na kahawa ileile inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Walioacha wamepimwa kafeini kwenye damu ikakutwa imepanda hata maradufu na zaidi, kwa vikombe vilevile. Sasa nilipomuuliza kaka alikuwa anafanya nini mkono ukitaka sigara, akanijibu: "Nakunywa kahawa na kashata. Si mlisema nitafute mbadala?"

Unaona? Nikotini imeondoka, ubongo unadai, na juu yake kafeini imepanda karibu mara mbili. Asingelala hata kwa bakora. Na angalia hili pia: anayehama kutoka sigara kwenda vepu anapoteza moshi lakini anabaki na nikotini. Kahawa yake inakuwa kali zaidi, na kichangamshi cha kwanza bado kipo.

Hukumu yangu

Kwamba sigara inafanya usingizi kuwa mwepesi: ushahidi ni mzuri, tuuseme bila woga. Kwamba nikotini yenyewe ni mhusika: ushahidi ni mzuri pia. Kwamba vepu inaharibu usingizi: inaelekea hivyo, kwa sababu ya nikotini iliyomo, lakini madodoso peke yake hayatoshi kulitamka neno "imethibitishwa". Kwamba ukiacha leo utalala leo: hapana. Hiyo tuliitunga sisi.

Bango la haki lingekuwa na maneno mengi kidogo. Lingesema: ukiacha, wiki ya kwanza usingizi unaweza kuwa mbaya kuliko ulivyokuwa, na hiyo ni dalili ya kuacha, sio dalili kwamba unahitaji sigara. Punguza kahawa kwa nusu siku ileile unayoacha. Kama bado hujaacha, iweke ya mwisho mapema jioni, na vepu ilale chumba kingine. Kama unatumia plasta ya saa 24 na ndoto zinakusumbua, muulize mhudumu wa afya kuhusu kuivua usiku. Na kama kazi yako ni usukani, anza siku ambazo huna zamu, maana usiku mbovu wa dereva ni wa abiria wote.

Nimemsomea kaka haya kabla hujayasoma wewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka pale kwenye kashata, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ule usiku wa tisa, nilikuwa nimebakiza kama wiki mbili?" Nikamwambia mbili, pengine tatu. Akanyamaza. Halafu akaniomba nimwandikie hizo wiki kwenye karatasi, abandike pale kwenye dashibodi, na zile siku za kwanza tatu niziandike kwa wino mwekundu.